Banda la jezi za NFL pale Kongowea, na Giants namba 2 niliyoitoa kwenye rundo

Kama wewe ni mtu wa jezi za NFL, ile ligi ya mpira wa Marekani, na unaishi Mombasa shida yake unaijua. Ukizunguka tauni utapata Arsenal, utapata Man U, Barcelona ya Yamal na Inter Miami ya Messi ziko kila duka, tena nyingi ni zile feki za mia tano ukizifua mara mbili namba inabaki kwenye beseni. Ya mpira wa Marekani je? Utatembea kutoka Mwembe Tayari mpaka Marikiti jua likuchome bure, mwisho muuzaji akuletee ya basketi akwambie chukua hii boss si ni zile zile za Marekani. Sasa kuna banda moja Kongowea upande wa mitumba ambalo naona watu wengi hawalijui, na kwa vile nshanunua hapo na nshagombana hapo, acha niliongelee.

Halina jina wala bango. Ni mbao na turubai la bluu, ukitoka barabarani pita wauza viatu, pita kina mama wa mapazia na mashuka, ukianza kuona nguo za watoto tazama juu utaona jezi zimetundikwa kwenye henga hadi zinakufagia uso. Mwenyewe ni kijana mwembamba wa maneno mengi, hanyamazi, anaita wateja huku anajibu simu huku anakunja nguo. Belo zake anasema zinatoka Marekani na Kanada na mimi naamini manake lebo za ndani zinasema hivyo, nyingi ni za NFL, chache za besiboli, na za hoki zile nzito kama gunia ambazo sijui nani Mombasa hii anazivaa.

Uzuri wa kwanza ni bei, na hapa ndio nataka msikize vizuri manake kuna siri. Huyu kijana mpira wa Marekani haujui hata kidogo. Bei anapanga kwa jina la mgongoni. Akifungua belo anashika jezi, anaandika jina kwenye simu, likitoka na picha nyingi na mamilioni ya watu wanaomfuata basi hio inapanda juu kwenye henga, Brady elfu moja mia tano, Mahomes elfu moja mia nane na haongei, Beckham (yule wa NFL, si David wa soka) elfu moja mia mbili. Jina likitoka mtu mzima mwenye nywele nyeupe kavaa suti, au likitoka kampuni ya kukodi magari, jezi inatupwa kwenye rundo pale chini juu ya gunia, hapo kila kitu ni mia nne na ukibembeleza mia tatu hamsini. Basi mjue kwenye rundo ndio kuna mali. Nimeona mtu anatoa elfu na mia tano kwa Brady ambayo namba zake ni plastiki ya kubandika ishaanza kupasuka, na chini ya miguu yake kuna jezi ya kushonwa ya mtu mwenye pete mbili za Super Bowl, yaani kachukua fainali ya NFL mara mbili.

Hio ya pili ndio niliyochukua mimi. Bluu ya New York Giants, namba 2 nyeupe, mgongoni ALLEGRE.

Nilivyoigeuza ndani nje pale pale nikajua hii si ya kuchezewa. Namba si ya kubandika, ni kitambaa kigumu kimekatwa halafu kikashonwa pembeni kwa mshono wa msumeno ule wa karibu karibu, ukipitisha ukucha unausikia. Herufi za jina kila moja imeshonwa peke yake, ile E ya mwisho imeinama kidogo kuonyesha ilitiwa na mkono wa mtu, labda shabiki mmoja alikwenda kwa fundi akamwambia niandikie. Mwilini ni ile nailoni ya matundu matundu, mabegani imefungwa kitambaa kizito bila matundu, na kwenye mkono mmoja kuna kovu dogo lililorekebishwa kwa uzi ambao si bluu ile ile. Harufu ya belo ilikuwepo, ile ya dawa, ila doa hakuna. Kijana alivyoandika jina kwenye simu likatoka jamaa kashika maikrofoni. Akaniangalia, akasema huyu mtangazaji, mia nne. Nikampa mia tatu hamsini kwa M-Pesa kabla hajafikiria tena.

Tangu niivae kila mtu ananiuliza Allegre ni nani. Jioni nimekaa barazani Kibokoni na kahawa yangu, mzee mmoja pale akaisoma mgongoni herufi kwa herufi, akaniuliza, wewe mwanangu, huyu ni Mtaliano wa timu gani? Nikamwambia la ammi, huyu Mmexico. Akasema Mmexico na mpira ule wa kubebana? Nikamwambia yeye habebani na mtu ammi, yeye anaingia, anapiga teke moja, anatoka. Mzee akacheka akasema basi hio ndio kazi. Ikabidi nimhadithie, na kwa vile na nyinyi mtaniuliza acha niimalize hapa.

Raul Allegre kazaliwa 1959 Torreón, jimbo la Coahuila, kaskazini mwa Mexico. Alivuka kwenda Marekani akiwa mwanafunzi wa kubadilishana, akaangukia mji wa Shelton kule jimbo la Washington, huko kwenye mvua na misitu, kijana wa jangwani. Guu lake la soka likaonekana. Akapiga chuo cha Montana halafu chuo kikuu cha Texas. Wakati ule mguu wa soka ndio ulikua lulu. Zamani Wamarekani walikua wanapiga goli kwa ncha ya kiatu, wanakuja moja kwa moja kama mtu anapiga mlango teke, mpaka 1964 akaja Mhungaria mmoja, Pete Gogolak, pale Buffalo, akaanza kupiga kwa ubavu wa mguu akitokea pembeni kama sisi tunavyopiga frii kiki. Tangu hapo timu zikaanza kutafuta watoto wa soka na Mexico wako jirani. Efrén Herrera wa Guadalajara akachukua Super Bowl na Dallas Cowboys, ile ya Januari 1978. Baada yake Cowboys wakamchukua Rafael Septién, naye mtoto wa Mexico City. Kuna familia nzima ya kina Zendejas, na mmoja wao Tony, mwaka 1991 akiwa na Rams alipiga magoli 17 yakaingia yote 17.

Kwa ambao hawajui, kwenye huo mpira kuna nguzo mbili kama za raga, ukishindwa kusonga mbele na mpira unamwita mpigaji, mwenzake anaushika mpira chini kwa kidole, yeye anapiga upite katikati ya nguzo juu ya mtambaa, mnapata pointi 3. Nguzo zimeachana mita tano na nusu na kidogo. Mtambaa uko mita tatu kutoka chini. Na wakati unapiga kuna majitu ya kilo mia na ishirini yanaruka mbele yako yakitaka kuuzuia. Mpigaji anakaa benchi mechi nzima akiwa safi, nguo hazina hata tope, halafu zikibaki sekunde 10 anaambiwa haya, ingia.

1983 wakati timu za NFL zinachagua wachezaji wapya wa vyuoni, Allegre hakuchaguliwa na timu hata moja. Cowboys wakamwita kambini kujaribu, ila mpigaji wao ni nani? Septién. Mmexico kaenda kumng'oa Mmexico. Haikuwezekana, wakampeleka Baltimore Colts, na msimu wake wa kwanza tu akapiga 35 akafunga 30. Machi 1984 mwenye timu akaihamisha Colts usiku, malori yakapakia vifaa vyote giza giza, watu wa Baltimore wanaamka asubuhi timu iko Indianapolis. Allegre akaenda nayo. 1986 kabla ya msimu Colts wakaona wana mpigaji mwingine, wakamwacha. Mwenye magoli 30 msimu wake wa kwanza, hana kazi.

Sasa hapa ndio mzee barazani aliweka kikombe chini. Nilimwambia Giants ya New York nayo ilikua na mpigaji wake, na huyo 1983 hio hio alipiga magoli 35 akavunja rekodi ya NFL, jina lake Ali Haji-Sheikh. Mzee: Ali nani? Haji-Sheikh, ammi. Akageuka kwa wenzake, mwasikia nyinyi? Huyo si wetu huyo, huyo wa Lamu! Nikamwambia la ammi, kazaliwa Ann Arbor, Michigan, akanikatalia, akasema asili yake watakua wametoka huku tu, muulize vizuri. Wallahi baraza zima likawa na timu kuanzia siku hio, Giants. Basi huyo Ali mguu ukamsumbua, 1985 ikawa msimu wake wa mwisho Giants, wakajaribu wapigaji wengine na wengine, ikawa kila wiki mtu mpya, mpaka msimu wa 1986 ushaanza ndio wakampigia simu Allegre.

Kilichofuata ndio sababu mimi nikaona jina lile kwenye rundo moyo ukaruka. Tarehe 16 Novemba 1986 Giants wako Minneapolis kwa Vikings. Mechi ngumu. Allegre kafunga manne tayari. Giants wako nyuma kwa pointi 1, wamebakiwa na nafasi moja na wanahitaji yadi 17, kitu ambacho kawaida hakitokei, kwotabeki, yaani mrusha pasi wao, Phil Simms akamtafuta Bobby Johnson pembeni akampata. Zikabaki sekunde 12, Allegre akapiga la tano, yadi 33, limeingia, 22 kwa 20. Wiki inayofuata, tarehe 23, Denver Broncos wako New Jersey. Giants hawakuweza kufunga tachidauni, yaani kuuingiza mpira mpaka mwisho wa uwanja, hata moja wakiwa na mpira, moja waliyoipata alikua beki, George Martin, kanyakua pasi ya Broncos akakimbia nayo uwanja karibu wote. Pointi nyengine zote ni guu la Allegre, magoli manne, la mwisho zikiwa zimebaki sekunde 6. 19 kwa 16. Wiki mbili mfululizo mtu yule yule waliyemuokota bila kazi.

Halafu kuna mechi ya upepo. Sisi wa pwani hio hatuhitaji kuelezwa sana, kusi ikikaza hata mpira wa kona pale ufukweni unaurudia mwenyewe. Januari 11, 1987, fainali ya kundi lao na timu ya Washington, uwanja wa Giants uko wazi na upepo siku hio ulikua unabeba makaratasi mpaka watu wanayaona kwenye TV. Giants wakashinda ile shilingi ya kurushwa kabla ya mechi. Kawaida timu inachukua mpira. Wao wakachagua upepo, wakawapa wenzao mpira. Washington wakahangaika wakashindwa kusonga, wakaurudisha kwa teke dhidi ya upepo ukaenda karibu, na Allegre akaingia akapiga wa yadi 47, hio ni kama mita 43, upepo mgongoni. Mechi ikaisha 17 kwa 0 na wengi wanasema iliisha pale pale kwenye shilingi, mimi nakubaliana nao.

Super Bowl yenyewe, Pasadena tarehe 25 Januari 1987, Broncos tena. Mpigaji wa Broncos alikua Rich Karlis na huyu bwana alikua anapiga peku. Guu la kupigia halina kiatu wala soksi. Mzee akauliza kwani viatu kaibiwa msikitini? Karlis akaanza na moja la mbali la yadi 48 safi kabisa, halafu akakosa la yadi 23, la karibu kabisa, na akakosa jengine la 34. Mapumziko Broncos 10, Giants 9, hesabu mwenyewe ingekuaje yangeingia yale mawili. Kipindi cha pili Giants wakawafungulia bomba, Allegre akaweka lake la yadi 21, mwisho 39 kwa 20. Na haki isemwe, Allegre naye kuna ile pointi ya nyongeza baada ya tachidauni alikosa moja, ila mechi ilikua ishakwenda.

Baada ya hapo habari yake ni ya miguu na majeraha. Misimu mengine yuko, mengine wanaleta mtu akae nafasi yake akiwa mgonjwa. 1990 kaumia mapema, wakamchukua Matt Bahr, na huyo Bahr ndio akapiga magoli matano kule San Francisco, wakashinda 15 kwa 13, halafu Super Bowl ya Tampa, Januari 1991, Giants 20 Buffalo 19, ile maarufu ya Scott Norwood wa Buffalo kupiga yadi 47 sekunde za mwisho ikatoka pembeni kulia. Allegre pete ya pili kaipata akiwa nje na jeraha lake. Kuna watu wanaihesabu nusu. Mimi siihesabu nusu, timu ni timu, golikipa wa akiba naye anavaa medali.

Na mwisho wake kwenye uwanja naupenda kuliko hata ile Super Bowl. Desemba 1991 New York Jets mpigaji wao kaumia, wakamwita Allegre msimu unaisha. Mechi ya mwisho, tarehe 22, Miami, anayeshinda anaingia mtoano. Dakika za mwisho Jets nyuma, Allegre akasawazisha muda ukiisha, wakaenda muda wa nyongeza, akapiga jengine, 23 kwa 20, Jets ndani Miami nje. Wiki iliyofuata Houston wakawatoa Jets na Allegre hakucheza msimu mwengine tena. Akashika maikrofoni, akawa anatangaza NFL kwa Kihispania kwenye ESPN kwa miaka mingi. Ndio ile picha iliyotoka kwenye simu ya kijana wa Kongowea. Kwa hivyo yule kijana hakukosea, ni mtangazaji kweli, ila mia nne kwa mtu huyu ni zawadi.

Haya turudi kwenye banda, na sasa nilalamike.

Kwanza hakuna kujaribu. Kioo hakuna, ukiivaa juu ya shati kijana anakuangalia kama unamwibia. Na saizi za Kimarekani zinadanganya, hizi jezi zimekatwa ziingie juu ya yale mabega ya plastiki ya kujikinga, kwa hivyo ile L yao ni XL yetu na zaidi. Yangu ilikua inaning'inia mabegani nikapeleka kwa fundi pale karibu na Mwembe Tayari, akanipunguzia pembeni bila kugusa namba, akachukua mia mbili. Mwambieni fundi kabisa asipitishe pasi ya moto juu ya herufi, yangu alitaka kuipiga pasi nikamshika mkono.

Pili ukishalipa hamjuani. Nilichukua nyengine pale, ya Cowboys, usiku taa ya banda ni ile ya betri inaonyesha kila kitu kizuri, kufika nyumbani namba ya mbele imeanza kuachia kona moja na kwapani kumefumuka. Nikarudi nayo. Kijana akasema boss hii si duka la tauni, hapa ni chagua beba. Nikamwambia basi nibadilishie tu, hata kwa kitu cha rundo, akakataa, tukabishana mpaka mama wa mapazia akaingilia akatwambia mwaniharibia biashara. Mwisho akanipa kofia. Kofia yenyewe ya hoki. Kwa hivyo nendeni mchana, jua likiwa kali, geuzeni ndani nje, vuteni kwapa, pitisheni ukucha kwenye namba, ndio mtoe pesa.

Tatu mvua. Masika ikianza ile sehemu ni matope mpaka kifundoni na turubai lina tundu. Jezi za chini kwenye rundo zinanyonya maji yale na harufu yake haitoki hata ukichovya kutwa. Na simu yenu wekeni mfuko wa mbele, si lazima niseme kwa nini.

Kuhusu kufua, hii ni kwa wenye maji ya kisima kama sisi, yale ya chumvi ambayo sabuni haitoi povu mpaka uibembeleze. Niliogopa. Nimeifua kwa mkono, maji baridi, sabuni ya unga kidogo, nikaanika kivulini imegeuzwa, mpaka sasa bluu haijapauka na nyeupe ya namba haijanyonya rangi. Ile Cowboys ya kubandika sitaki hata kuisema. Joto je? Kwa joto la Februari hapa usijidanganye, mwili unapumua kwa yale matundu ila mabega yanachemka, mimi naivaa jioni tu upepo ukianza, au usiku wa mechi. Na mechi zenyewe ni za usiku, zile za mapema Jumapili zinaanza saa mbili, wao wakirudisha saa zao nyuma Novemba zinakua saa tatu, na Super Bowl ni saa nane na nusu usiku kuamkia Jumatatu, hio mwenye kazi bandarini ya asubuhi ajipange.

Kuhusu bei nasema hivi, ukitaka Brady au Mahomes usiende hapo, pesa hio ongeza kidogo uagize mpya. Ukitaka kitu cha kushonwa na uko tayari kuinama na kusoma majina, nenda. Wapigaji wote wako chini kwenye rundo. Wale mabeki wa miaka ya tisini ambao hawako kwenye simu ya mtu, wako chini. Na usitaje jina kwa sauti, usiseme ooh huyu namjua, manake nshamwona jamaa kapiga kelele ya furaha na mia nne ikawa elfu pale pale.

Kitu kimoja nimemwagiza kijana, Colts yenye ADONGO mgongoni. Daniel Adongo, Mkenya wetu, kijana wa raga aliyeingia Colts 2013 bila kucheza huo mpira kabla. Nimemwambia ikitoka anipigie simu hata saa tisa usiku. Akaandika jina kwenye simu yake, akaangalia, akaniuliza huyu naye mtangazaji? Nikamwambia ee, mtangazaji.

Kwa jumla nampa nyota tatu na nusu, ile nusu ni ya mama wa mapazia. Jana nimepita kuna Rams ya njano na bluu, ZENDEJAS, ya kushonwa, kola imechakaa kidogo. Kijana anasema mia tano kwa sababu jina ni refu. Nimemwachia mia tatu mdomoni, amekataa, leo jioni narudi.